Kufuli Halijavunjwa, Bali Mwenye Ufunguo Anadanganywa

Mazungumzo mbele ya kamati za watu waliokimbia vita, familia zinazowapokea, na viongozi wao

 

Katika mikutano iliyopita tulizungumza juu ya mashamba, juu ya watoto waliopotezana na wazazi, na juu ya wageni na wenyeji kuishi mahali pamoja bila kuchokana. Lakini mwishoni, watu wakianza kusimama, swali lingine lilikuwa likirudi. Wanasema sasa kuna mashine yenye akili, nayo inafungua siri zote. Je, maneno tunayotumiana kwa simu yangali siri? Je, pesa kidogo tuliyo nayo katika simu iko salama? Na yale majina na alama za vidole tulizotoa siku ya kuandikishwa, ziko mikononi mwa nani?

Maswali hayo si ya udadisi tu. Mtu aliyekimbia kijiji chake usiku ana sababu ya kutotaka kila mtu ajue amelala wapi. Kwa hiyo leo tunajibu jinsi tunavyojua, bila kuwatia hofu ya bure na bila kuwadanganya kwamba yote ni mazuri.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: akili bandia haijavunja hesabu zinazofunga ujumbe wenu. Kufuli lenyewe ni zima. Lakini yote yanayolizunguka, yaani sauti, mazoea, namba ya siri, orodha, na watu wanaoshika funguo, hayo yamekuwa rahisi kudanganywa kuliko zamani.

Kufuli hilo ni la namna gani?

Tuchukue mfano. Mama mmoja aliye Goma anataka kumpelekea dada yake wa Bukavu barua ya siri, kwa mashua ya ziwa Kivu. Sanduku litapita mikononi mwa wabeba mizigo, mabaharia, watu wa bandari, na labda askari wanaopekua. Afanye nini? Dada yake amekwisha kumtumia kufuli lililo wazi, bila ufunguo. Ufunguo umebaki Bukavu, haujasafiri hata siku moja. Mama anatia barua sandukuni, anabana kufuli, basi. Kuanzia hapo hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Ni dada peke yake.

Uzuri wake ni huu: dada anaweza kugawa makufuli wazi kwa watu elfu moja sokoni, na wote wakamwandikia kwa siri, lakini ufunguo ni mmoja. Wazo hilo lilitangazwa Marekani mwaka 1976 na wataalamu wawili, Diffie na Hellman, na mwaka uliofuata wengine watatu walipata namna ya kulitengeneza kwa hesabu. Kabla ya hapo, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri ilibidi kwanza wakutane wapeane ufunguo. Leo simu zenu hufanya kazi hiyo zenyewe kabla hamjamaliza kusema "allo". WhatsApp ilianza kufunga ujumbe wote wa watumiaji wake kwa njia ya namna hiyo mwezi wa nne 2016, na hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma maneno yanayopita.

Je, nguvu ya kufuli hilo ni ipi? Kuna aina moja ambayo nguvu yake ni namba kubwa sana iliyopatikana kwa kuzidisha namba mbili. Kuzidisha ni rahisi. Kurudi nyuma na kuzipata zile mbili ndiyo kazi ngumu. Mwaka 2020 wataalamu walifaulu kuipasua namba yenye tarakimu 250, na kazi yao ingemaliza miaka 2,700 hivi kama wangeiachia kompyuta moja ndogo. Makufuli ya kawaida ya aina hiyo siku hizi yana namba zenye tarakimu 617. Msifikiri kwamba ugumu unaongezeka mara mbili na nusu tu. Unaongezeka kiasi ambacho miaka ya dunia haitoshi.

Akili bandia nayo hujifunza namna gani? Hujifunza kwa kuona mazoea. Unaionyesha picha nyingi za ng'ombe, mwishoni inamtambua ng'ombe. Unaisomesha maandishi mengi, inakisia neno linalofuata. Ujumbe uliofungwa vizuri hauna mazoea ya kujifunza. Ni kama mchanga uliomwagwa. Ndiyo sababu mashine iliyosoma vitabu vya dunia nzima inaukodolea macho ujumbe huo na haioni kitu.

Watu wengi huchanganya akili bandia na mashine nyingine inayoitwa kompyuta ya kwanta. Hiyo ni habari ya pekee. Mwaka 1994 mtaalamu Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya namna hiyo, ikijengwa kubwa ya kutosha, ingeweza kupasua zile namba. Kubwa ya kutosha bado haijaonekana, na wenye makufuli hawakukaa bure: mwezi wa nane 2024 taasisi ya vipimo ya Marekani ilitangaza makufuli mapya yaliyotengenezwa ili yaweze kuishinda, na programu ya Signal ilikuwa imekwisha kuanza kutumia kufuli la aina hiyo tangu 2023. Tutairudia habari hiyo tutakapofika kwenye orodha, kwa maana hapo inatugusa sisi.

Walioingia bila kuvunja

Sasa tuwaeleze jambo lililotokea kweli, nalo linawahusu watu kama ninyi kuliko watu wa benki.

Ninyi nyote mnaujua Msalaba Mwekundu na kazi yake ya kutafuta ndugu waliopotezana. Mtu anatoa jina la mtoto wake, jina la baba, kijiji, siku waliyoachana njiani. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba watu wasiojulikana walikuwa wameingia katika kompyuta zinazotunza habari za watu zaidi ya 515,000: waliotengwa na familia kwa sababu ya vita, uhamiaji na maafa, waliopotea pamoja na jamaa wanaowatafuta, na waliofungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na mashirika kama 60 ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika dunia yote. Wageni hao waliingia tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka 2021, na waligunduliwa tarehe 18 mwezi wa kwanza uliofuata. Ni siku 70 ndani ya nyumba ya watu.

Je, habari hizo hazikufungwa? Zilifungwa. Msalaba Mwekundu wenyewe ulieleza jambo hilo waziwazi, na tunawaheshimu kwa kusema, maana wengi wangenyamaza. Wezi walipita katika tundu la programu moja ambayo haikuwa imezibwa kwa wakati, wakafika ndani, kisha wakajifanya watumiaji halali, watu wenye haki ya kusoma. Kompyuta ikawafungulia. Wakati huo Msalaba Mwekundu ulisema hauna habari kwamba majina hayo yameuzwa au kutangazwa, lakini kazi ya kutafuta ndugu ilibidi isimame kwa muda, na familia zilizokuwa zikingoja zikangoja zaidi.

Hatusemi kwamba akili bandia ndiyo iliyofanya hivyo. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu linaonyesha njia. Kufuli halikuguswa hata kidogo. Mtu alijifanya mwenye haki, akaaminiwa. Na kujifanya mtu mwingine ndiyo kazi ambayo akili bandia imeirahisisha kupita zote.

Hata vita kubwa ya zamani inatufundisha hivyo. Wajerumani walikuwa na mashine ya kuficha maneno, Enigma, nao waliamini hakuna anayeweza kuifumbua. Wataalamu wa Poland walianza kuifumbua tangu 1932, kisha Waingereza wakaendelea, na sehemu kubwa ya msaada wao ilitoka kwa wapiga simu wa Wajerumani wenyewe: waliorudia maneno yale yale kila siku, habari za hali ya hewa, salamu zile zile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sauti ya mtu

Kwetu sauti ndiyo sahihi. Wengi wetu hatuandiki sana. Bibi hajui kusoma, lakini akisikia ujumbe wa sauti katika simu ya mjukuu anasema mara moja: huyu ni mwanangu wa Butembo, yu hai, Mungu asifiwe. Machifu pia huwatuliza watu kwa sauti. Vijana hutumiana sauti kuliko maandishi. Hata radio ya barabarani, ile inayotembea kinywa kwa kinywa kati ya soko na bomba la maji, inashika zaidi ikiwa kuna sauti ya kusikilizisha wengine.

Mwezi wa kwanza 2023 kampuni ya Microsoft ilionyesha programu ambayo, ikipewa sekunde tatu tu za sauti ya mtu, inaweza kusema maneno mengine yoyote kwa sauti ile ile. Sekunde tatu ni salamu tu. Mwaka 2024, huko Hong Kong, mfanyakazi wa kampuni ya Kiingereza ya ujenzi, Arup, aliitwa katika mkutano wa video. Aliwaona na kuwasikia wakubwa wake wa kazi, akafuata amri yao, akatuma pesa kama dola milioni 25. Wakubwa wale hawakuwa watu. Zilikuwa sura na sauti zilizotengenezwa.

Mtasema: sisi hatuna dola milioni. Ni kweli. Lakini mama anayetumiwa dola 20 na ndugu wa Kampala ni tajiri wa kutosha kwa mwizi, kwa sababu siku hizi kumdanganya hakugharimu kitu. Zamani mwizi wa simu alihitaji muda na ulimi mtamu kwa kila mtu mmoja. Sasa mashine inaweza kuwaendea watu elfu moja kwa siku. "Mama, ni mimi, nimekamatwa njiani, tuma haraka, usimwambie mtu." Ujumbe huo unaweza kufika ndani ya WhatsApp iliyofungwa kabisa. Kufuli linathibitisha kwamba barua haikufunguliwa njiani. Halithibitishi kwamba aliyeandika ni mwanao.

Kuna hatari nyingine inayotushtua zaidi kuliko pesa. Mwezi wa tatu 2022, katika vita ya Ukraine, ilitokea video ya rais Zelensky akiwaambia askari wake waweke silaha chini. Haikuwa yeye. Ilitengenezwa vibaya, watu wakaitambua upesi, na yeye mwenyewe akatoka kusema kwamba ni uongo. Leo zinatengenezwa vizuri zaidi. Fikirini sauti ya chifu fulani inaingia usiku katika simu za vijana wa upande mmoja, kwa lugha yao, ikisema wale wa upande wa pili wamekwisha kuchoma nyumba, amkeni. Ni nani atangoja mpaka asubuhi ili kuuliza?

Hapo hatutegemei hesabu ya mtaalamu yeyote. Tunategemea mapatano yaliyofanywa kabla ya usiku ule. Tunawaomba machifu na viongozi wa kamati wafanye jambo moja ambalo halihitaji pesa ya mradi: kila upande uwe na namba ya kiongozi wa upande wa pili, namba iliyotolewa uso kwa uso, na wapatane kwamba hakuna amri wala habari ya kutisha itakayofuatwa kutoka simu peke yake. Kwanza anapigiwa simu yule aliyetajwa, kwa namba ile ya zamani, si kwa ile iliyoleta ujumbe. Asipopatikana, anatumwa mtu kwa miguu. Kijana anayekataa kungoja jibu la chifu wake mwenyewe, huyo tayari ana mpango wake.

Na nyumbani, kila familia ichague neno. Liwe neno ambalo halimo katika simu, halikuandikwa popote: jina la mbuzi wa zamani, jina la mto wa kijijini, jirani aliyewachekesha. Mtu akipiga simu akilia na kuomba pesa, mwulize neno. Mwanao hatakasirika. Mwizi ndiye atakayekasirika.

Lugha ya mama haitoshi kuwa fumbo

Tumewasikia wazee wakisema: sisi tukiongea Kinande, au Mashi, au Kihunde, hakuna wa kutusikiliza. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli. Aliyetaka kusikiliza simu za watu ilibidi ampate mtu anayeijua lugha, amlipe, amketishe usiku kucha, na mtu huyo angeweza kuona huruma. Wamarekani katika vita ya pili ya dunia walitumia askari wa kabila la Navajo waongee lugha yao redioni, na maadui hawakuambulia kitu.

Siku hizo zinapita. Mwezi wa saba 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200, na ndani yake kuna Kiswahili, Lingala, Kikongo, Tshiluba, Kinyarwanda na Kirundi. Google ilikuwa imeongeza Lingala mwezi wa tano mwaka ule ule. Tunafurahi kwa sababu hiyo. Siku moja mgonjwa ataelewana na daktari mgeni bila kupitia kwa mtu wa tatu. Lakini mashine inayotafsiri kwa daktari inatafsiri pia kwa mpelelezi, nayo haichoki wala haioni huruma. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi wa kawaida havijafungwa kati yako na yule unayemwandikia. Hupita wazi katika mitambo ya kampuni. Mambo ya kuhatarisha maisha ya mtu, mahali alipolala, njia atakayopita, yasisemwe humo, hata kwa lugha ya bibi.

Hata ujumbe uliofungwa una bahasha, na bahasha husomeka. Nani alimwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Bahasha moja haisemi kitu. Bahasha elfu kumi, mbele ya mashine inayojua kuona mazoea, zinasema mengi: ni nani anayeulizwa na wote kabla ya watu kuondoka, ni wapi simu nyingi zilinyamaza usiku mmoja. Dawa kamili hatuna ya kuwapa. Lakini kiongozi anaweza kupunguza: si lazima kila habari ipite katika simu moja, ya mtu mmoja, usiku ule ule.

Tarakimu nne

Benki zilipofungwa Goma mwaka 2025, familia nyingi zilibaki na pesa ya simu peke yake. Na pesa ya simu inalindwa na tarakimu nne. Hesabu ni rahisi: kuna namba 10,000 tu za namna hiyo, na watu hawazichagui kwa bahati. Mwaka 2012 mchunguzi mmoja alitazama namba za siri zaidi ya milioni tatu zilizokuwa zimevuja. 1234 peke yake ilikuwa zaidi ya 10 kwa mia. Wengine wengi huweka mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa katika kadi ya kura. Mashine ya kukisia haina haja ya kuwa na akili nyingi hapo.

Wataalamu wa Uingereza walionyesha mwaka 2023 kwamba akili bandia, ikisikiliza kwa simu iliyo karibu, inaweza kutambua herufi zinazobonyezwa kwenye kompyuta kwa sauti ya vidole tu, na kupata 95 kwa mia. Ni ajabu. Lakini kwetu mashine hiyo ingekosa kazi, kwa maana tunamwona mama mzee anasimama mbele ya kibanda cha M-Pesa na kumtajia kijana namba yake ya siri kwa sauti, foleni yote inasikia. Tafadhali, wajukuu, mfundisheni bibi kuibonyeza mwenyewe. Na zile tarakimu sita zinazoletwa na WhatsApp kwa ujumbe mfupi, msimpe mtu, hata akisema ni wa shirika letu. Anayeziomba anataka kuhamisha akaunti yako iende katika simu yake, aanze kuwaomba ndugu zako pesa kwa jina lako.

Orodha

Tumeweka mwisho jambo hili kwa kuwa linawahusu viongozi, na linatuhusu sisi pia, mashirika.

Kila msaada huanza na orodha. Jina la baba wa nyumba, idadi ya watoto, kijiji cha asili, namba ya simu, mara nyingine alama ya kidole. Tunaelewa sababu: bila orodha wenye nguvu wangekula mara mbili na wajane wangekosa. Lakini katika nchi hii orodha ya majina na vijiji vya asili si karatasi ya kawaida. Mkononi mwa mtu mbaya ni ramani ya kabila.

Namba ya siri ikiibwa unaibadilisha. Kidole huwezi. Mwezi wa sita 2021 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba habari za Warohingya waliokimbilia Bangladesh, zilizokusanywa wakati wa kuandikishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na serikali ya huko, zilipelekwa na serikali hiyo kwa Myanmar, yaani kwa ile ile serikali waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuwa wameelewa walichokubali. Umoja wa Mataifa ulijibu kwamba watu waliulizwa. Hatuamui kesi hiyo. Tunaona tu kwamba hakuna aliyevunja kufuli. Aliyekuwa na haki ya kuzishika habari alizipeleka mbele.

Na siri za vita huishi muda mrefu. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ile ripoti juu ya maovu makubwa yaliyotendwa Kongo tangu 1993 mpaka 2003. Wachunguzi walisikiliza mashahidi zaidi ya 1,280, na majina ya wanaoshukiwa yaliwekwa katika hazina ya siri, hayakuandikwa ndani ya ripoti. Shahidi aliyekuwa na miaka 20 vita ilipoanza leo ana zaidi ya 50, ana watoto na wajukuu, na siri yake ingali siri ya hatari. Hapo ndipo ile kompyuta ya kwanta inapotugusa. Mtu mvumilivu anaweza kukusanya leo maneno yaliyofungwa ambayo hawezi kuyasoma, ayaweke akiba, angoje miaka 15 mpaka apate mashine ya kuyafungua. Kwa bei ya unga hilo halidhuru. Kwa ushuhuda wa mama aliyeona ni nani aliyemuua mumewe, linadhuru.

Kwa hiyo, wakati shirika lolote linapokuja kuandika watu, na sisi tumo, viongozi wana haki ya kuuliza, na wasione haya. Kwa nini mnataka jina la kijiji cha asili, na je, msaada hautolewi bila hilo? Orodha itakaa wapi, katika daftari, katika simu ya mwandishi, au katika kompyuta iliyofungwa? Ni watu wangapi wanaoweza kuifungua, na mmoja akiacha kazi funguo zake zinanyang'anywa siku ile? Serikali au kundi lolote likiiomba, mtajibu nini? Itateketezwa lini? Mwandishi asiyeweza kujibu aende kumwuliza mkubwa wake, arudi kesho. Watu wangojee siku moja.

Tunajua mnachokiogopa: kwamba shirika likiulizwa sana litakwenda kusaidia kambi nyingine. Basi ulizeni pamoja, kambi zote na mitaa yote, kwa maswali yale yale yaliyoandikwa katika karatasi moja. Tumeileta karatasi hiyo, kwa Kiswahili na Kifaransa, na jibu letu sisi wenyewe limeandikwa upande wa nyuma ili mlisome mbele ya watu wote na kulikatalia mahali lisipotosha.

Sasa wenye simu wazitoe. Wenzetu wawili watapita kati yenu kuonyesha mahali pa kuweka namba ya pili ya ulinzi katika WhatsApp, na namna ya kutazama kama kuna simu au kompyuta nyingine iliyounganishwa na akaunti yako bila wewe kujua. Wasio na simu wakae na wazee pale chini ya mti, tuanze kupeana namba za viongozi, upande kwa upande, kabla watu hawajaenda kuteka maji.